Mashine mmenunua, majibu bado: barua ya wazi kwa wanaosimamia maabara za hospitali

Waheshimiwa wakurugenzi wa hospitali, waganga wakuu, wajumbe wa kamati za manunuzi, na ninyi nyote ambao bajeti ya afya haipiti bila saini zenu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mteknolojia wa maabara. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye benchi la kemia, pale zinapopimwa kreatinini na yurea (taka ambazo figo huzichuja kutoka kwenye damu), bilirubini na vimeng'enya vya ini, troponini ya moyo, na chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu. Wagonjwa hawanifahamu. Wanamfahamu aliyewachoma sindano na daktari aliyewasomea karatasi. Mimi niko katikati, nyuma ya mlango ulioandikwa "Hairuhusiwi kuingia", na leo naomba niufungue mwone kilichomo.

Nianze na usiku mmoja.

Ililetwa damu ya mama aliyelazwa kwa kutapika na kuishiwa nguvu. Mashine ikatoa potasiamu 8.1. Kwa mtu mzima mwenye afya, potasiamu hucheza kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita. Ikivuka 6.5 daktari huacha alichoshika, kwa sababu moyo unaweza kusimama bila kuaga. Nikanyanyua simu. Kabla wodini hawajapokea, macho yangu yakashuka mistari miwili chini kwenye skrini: kalsiamu 0.5. Chini yake, kimeng'enya kiitwacho ALP, karibu na sufuri. Kalsiamu ya kawaida ni 2 na ushee. Mtu wa 0.5 hakai kitandani akiongea na nesi. Anakuwa kwenye degedege. Nikajua kwamba namba hizi hazikutoka mwilini mwa mama yule.

Kuna vichupa vyenye kifuniko cha zambarau, vile vya kuhesabia chembe za damu. Ndani vina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo imetengenezwa kama chumvi ya potasiamu. Inafanya kazi kwa kuikamata kalsiamu, na huko huko inakamata zinki na magnesiamu ambazo ALP haiwezi kufanya kazi bila hizo. Ukimimina damu kutoka kichupa cha zambarau kwenda kichupa cha kemia unapata hasa nilichokiona: potasiamu juu kabisa, kalsiamu chini, ALP imezimika.

Nilikimbia. Majibu yalikuwa yameshajitokeza kwenye kompyuta ya wodi, daktari wa zamu ameshaandika insulini ya mshipani ili kuishusha potasiamu, na nesi alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nikawaomba wasubiri. Damu ikachukuliwa upya, kwenye kichupa sahihi, mkono usio na dripu. Potasiamu ikatoka 3.0. Mama alikuwa na upungufu kwa ajili ya kutapika siku nzima, nasi tulikuwa dakika chache tu kabla ya kuushusha upungufu ule hadi mahali ambapo moyo hauvumilii.

Nesi hakuficha kitu. Vichupa vya kemia vilikuwa vimeisha stoo siku tatu nyuma. Alivuta damu kwa cha zambarau, akaimimina kwenye kichupa kitupu alichokipata kabatini, akidhani damu ni damu. Sikuwa na la kumlaumu. Mwezi uleule hospitali ilikuwa imenunua mashine mpya kubwa, na oda ya vichupa ikaahirishwa hadi robo ya mwaka inayofuata.

Sasa hebu fikirini: kama daktari angeagiza potasiamu peke yake, bila kalsiamu wala ALP, nisingeona chochote cha kunishtua. Ningepiga ile simu haraka, kwa kujiamini, na ningetoa habari ya uongo ambayo ingeua.

Mashine mnatununulia, na tunashukuru kwa dhati. Lakini majibu ya kuaminika hayaji ndani ya boksi la mashine. Yanatokana na vitu vidogo vinavyoizunguka, na vitu hivyo ndivyo hukatwa kwanza bajeti ikibana.

Mashine ya kemia haioni figo wala ini. Kwa vipimo vingi inachoona ni rangi. Tunachanganya seramu, yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda na kuzungushwa, pamoja na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia. Mchanganyiko unabadilika rangi, taa inapitisha mwanga, mashine inapima mwanga uliomezwa na kuugeuza kuwa namba kwa kulinganisha na kalibreta, yaani kimiminika ambacho kiasi chake kinajulikana tangu kiwandani. Kalibreta ikiharibika, taa ikichoka, friji ya vitendanishi ikizimika usiku, maji ya kusuuzia yakichafuka, namba itatoka vilevile. Itatoka na desimali zake, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali. Namba ya uongo haina sura tofauti na ya kweli.

Kinachotuonyesha tofauti ni kontroli: sampuli ambayo tunajua inapaswa kusoma ngapi, tunayoipima kila asubuhi kabla ya damu ya mgonjwa yeyote. Matokeo yake tunayachora kwenye chati ambayo Levey na Jennings waliileta maabara mwaka 1950, na ambayo Westgard mwaka 1981 aliiwekea kanuni za kutuambia lini tusimame. Kontroli ikivuka mikengeuko sanifu mitatu (kipimo cha namba kutawanyika) kutoka wastani, tunasimama. Ikivuka miwili mara mbili mfululizo upande mmoja, tunasimama. Hii ndiyo dira yetu, hatuna nyingine benchini.

Na kontroli ndizo za kwanza kufutwa kwenye oda. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo ziliisha, tukaomba, tukajibiwa tuendelee tu kwa kuwa "mashine inafanya kazi". Tuliendelea wiki mbili. Kontroli zilipofika na kupimwa, kreatinini, ambayo hupanda figo zikishindwa, ilikuwa inasoma chini kwa zaidi ya robo. Kurasa za daftari la wiki zile mbili zilijaa majina ya watu walioambiwa figo zenu ziko salama. Tulianza kuwapigia simu. Wengine walirudi. Wengine namba zao hazikupatikana, na mpaka leo nikilala kuna majina mawili au matatu ambayo bado nayakumbuka.

Kwa kuwa nimegusa kreatinini, naomba nikae nayo kidogo, maana ndiyo kipimo kinachoagizwa sana na kueleweka kidogo.

Njia ya kuipima iliyo rahisi zaidi kununua inatokana na mmenyuko alioueleza Max Jaffe mwaka 1886: kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki kwenye mazingira ya alkali inatoa rangi ya chungwa. Ni njia ya miaka mingi na imesaidia mamilioni. Tatizo ni kwamba vitu vingine pia huingilia rangi ile. Ketoni za mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa huipandisha kwa uongo, na baadhi ya antibayotiki za kundi la sefalosporini hufanya hivyo pia. Bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu, ikiwa nyingi huishusha. Mwoneni mgonjwa wa ini mwenye macho ya manjano, ambaye figo zake nazo zinaanza kushindwa, jambo ambalo hutokea mara nyingi ini likifika pabaya. Hasa yeye ndiye anayeweza kupewa kreatinini inayomfariji. Iko njia ya vimeng'enya isiyoyumbishwa kirahisi hivyo. Inagharimu zaidi kwa kila kipimo, na kwenye jedwali la zabuni inashindwa kwa sababu safu inayoangaliwa ni ya bei. Sijawahi kuona zabuni yenye safu ya "manjano". Iwekeni.

Kisha kuna namba yenyewe. Chukueni kreatinini ya 97, mikromoli kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, hesabu ya CKD-EPI ya mwaka 2021, inayokadiria uchujaji wa figo, inaonyesha figo zinachuja takriban mililita 95 kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 78, 97 ileile inaonyesha takriban 51. Kijana yuko salama; bibi, hali ikidumu zaidi ya miezi mitatu, ana ugonjwa sugu wa figo, na dozi ya jentamisini au metifomini anayoandikiwa inapaswa kutazamwa upya. Lakini karatasi yenye safu moja ya kawaida kwa watu wote inaweza kuwaandikia wote wawili neno lilelile: kawaida. Hesabu hii haihitaji kitendanishi hata tone. Inahitaji umri, jinsia, na mtu wa kompyuta kuiweka kwenye mfumo mchana mmoja. Toleo la 2021 liliondoa hata kile kigezo cha rangi ya mtu kilichokuwa kwenye matoleo ya zamani. Nashindwa kuelewa kwa nini mpaka leo kuna hospitali zinatoa kreatinini tupu, na nyingine hata bila kizio cha kipimo, hata mgonjwa akihamishiwa kwingine wabaki wakijiuliza kama 1.1 na 97 ni watu wawili au mmoja. Ni kitu kimoja: miligramu kwa desilita zidisha kwa 88.4.

Na hata hivyo kreatinini huchelewa. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla haijavuka mstari. Kinachowahi kuonekana, hasa kwa wenye kisukari na presha, ni albumini kwenye mkojo ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo uleule; kuanzia miligramu 30 kwa gramu, figo zimeanza kuvuja. Ni mkojo tu, hakuna sindano. Nimepita kwenye maabara zenye mashine ya kupima homoni ishirini ambazo hazina kitendanishi cha albumini ya mkojo. Wagonjwa wale tunakutana nao baadaye, wakija kusafishwa damu.

Kuhusu ini nitasema machache. Tunaviita vipimo vya ini, lakini vimeng'enya ALT na AST havipimi kazi ya ini. Vinaonyesha seli zilizopasuka na kumwaga vilivyomo. Mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi atakuwa na ALT ya maelfu. Mwenye ini lililojaa makovu anaweza kuwa na ALT ya kawaida kabisa, kwa sababu seli za kupasuka zimebaki chache. Kazi ya ini unaisoma kwenye albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda. Kwa hiyo mnaponunua ALT na AST na kuacha hivyo vitatu ili kupunguza gharama, mnakuwa mmenunua ving'ora vya moto bila kujua kama nyumba bado imesimama.

Na watoto wachanga. Bilirubini huharibiwa na mwanga. Ndiyo sababu mtoto wa manjano huwekwa chini ya taa ya bluu, na ndiyo sababu sampuli yake ikiachwa juani, au hata kwenye kaunta chini ya taa za dari, inashuka ikiwa ndani ya kichupa. Nimeona kichupa kidogo cha damu ya kisigino cha mtoto wa siku tatu kikisubiri dirishani saa mbili nzima kwa kuwa mhudumu wa kubeba sampuli alikuwa mmoja kwa wodi zote. Kipande cha karatasi ya foili cha kukizungushia kingetosha, na mtu wa pili wa kubeba. Nilikataa kukipima. Nikaambiwa naleta ukaidi. Mtoto akatobolewa kisigino tena, akalia tena, na mama yake akanitazama kwa macho ambayo sikuwa na la kuyajibu. Bado naamini nilifanya sawa, kwa sababu bilirubini iliyosomwa chini kwa uongo ingemtoa mtoto kwenye orodha ya taa, na bilirubini inayoingia kwenye ubongo wa mtoto hairekebishiki.

Moyo nao. Troponini ni protini ya msuli wa moyo. Msuli ukijeruhiwa, inavujia kwenye damu. Lakini inahitaji muda. Mtu aliyeanza maumivu ya kifua saa moja iliyopita anaweza kuwa na troponini safi kabisa huku mshipa wake wa moyo umeziba. Kwa mtu kama huyo kipimo kimoja hakitoshi kumruhusu kwenda nyumbani. Kinatakiwa cha pili, baada ya saa moja hadi tatu kwa vipimo vya unyeti mkubwa, na baada ya muda mrefu zaidi kwa vile vya zamani, tuone kama namba inapanda. Kupanda au kushuka ndiko kunakosema jeraha ni la sasa. Mgonjwa wa figo anaweza kuishi na troponini ya juu miaka mingi, haijitikisi, na hana mshtuko wa moyo. Kwa hiyo mkipanga bajeti ya wagonjwa mia wa maumivu ya kifua, msinunue vipimo mia. Nunueni angalau mia mbili, na mtu wa kuvipima saa nane usiku, maana majibu ya troponini yanatakiwa yamfikie daktari ndani ya dakika 60. Bado napokea fomu za maumivu ya kifua zilizoandikwa AST. Mwaka 1954 ilikuwa ugunduzi mkubwa, kimeng'enya cha kwanza kuonyesha mshtuko wa moyo kwenye damu. Sasa tunajua ini na misuli ya mwili nayo huitoa.

Najua mtasema fedha hazitoshi. Sikatai. Tume ya jarida la Lancet kuhusu uchunguzi wa magonjwa ilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 47 ya watu duniani hawafikiwi na vipimo au wanavifikia kwa shida sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, na mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya ukapitisha azimio la kuimarisha uwezo wa uchunguzi. Kwa hiyo neno limeshasemwa huko juu. Ninachoomba ni kwa huku chini, kwenu mnaoshika kalamu.

Msisaini ununuzi wa mashine yoyote bila karatasi ya pili inayoonyesha miaka mitano ya vitendanishi, kalibreta, kontroli, vipuri, umeme wa akiba, maji safi na fundi atakayekuja ikigoma. Mashine nyingi zimefungwa. Hazikubali kitendanishi cha mtu mwingine, na anayewapa mashine bure anajua atakuuzieni nini kila mwezi. Karatasi hiyo ya pili ikiwa tupu, afadhali mashine ndogo inayolishwa kila siku kuliko kubwa iliyofunikwa shuka. Nimefanya kazi na zote mbili.

Vichupa, sindano na foili vihesabiwe kama dawa, visikose stoo hata siku moja. Wafundisheni wanaochukua damu utaratibu wa kutanguliza kichupa kipi, kutovuta upande wa dripu, na kutoiweka damu nzima kwenye friji ikisubiri kupelekwa maabara, kwa sababu baridi huzuia chembe nyekundu kushikilia potasiamu yake na inavuja kidogo kidogo hadi figo nzima zinaonekana zimekufa. Mafunzo haya ni ya siku moja. Tutayatoa sisi wenyewe, bila posho.

Tuandikisheni kwenye mpango wa nje wa kupima ubora, ule ambao maabara nyingi hutumiwa sampuli ileile isiyojulikana na majibu yakalinganishwa. Tukishindwa, tuulizeni kwa nini kabla ya kutuadhibu, maana maabara inayoogopa adhabu itajifunza kuigiza majibu ya jirani.

Ombi langu kubwa kuliko yote halina gharama. Andikeni, kwa saini ya mkurugenzi, kwamba mtu wa benchi ana mamlaka ya kuzuia jibu. Kontroli ikivuka, damu ikiwa imepasuka chembe, kichupa kikiwa si chake, kalsiamu ikikataa kufanana na potasiamu, aweze kusema sitoi, leteni nyingine, na asiitwe mkaidi wala kuhamishwa zamu. Sasa hivi anayetoa jibu baya kwa haraka anaonekana mchapakazi, na anayelizuia anaonekana kikwazo. Vijana wanaoingia kazini wanaliona hilo mapema sana, na wanachagua.

Nawakaribisha maabara. Msije siku ya kukata utepe. Njooni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya sampuli za kwanza kushuka kutoka wodini, wakati kontroli zinapopimwa. Nitawapa kiti, niwaonyeshe chati ya kreatinini ya mwezi huu, na zile siku kumi na moja ambazo hazina nukta kwa sababu hatukuwa na cha kupima. Daftari la wagonjwa wa siku hizo kumi na moja nalo lipo, kwenye droo ya pili.

Wenu katika kazi,
Mteknolojia wa maabara, benchi la kemia